Karo Iliyotoka Masii

Baba alikuwa amefungwa bandeji kwenye jicho la kushoto siku mume wangu alipopiga simu kuuliza ni nani aliyelipa karo yangu ya Januari. Nilikuwa nimekuja nyumbani kwetu, nje kidogo ya soko la Masii, kumuuguza baada ya kutolewa mtoto wa jicho mjini Machakos. Mama alifariki zamani, ndugu zangu wana kazi zao Nairobi, na mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya uuguzi Marekani Desemba iliyopita, nangoja leseni. Kwa hivyo hakuna aliyeuliza nani atakuja. Nilikuja.

Tulikuwa tumeketi nje tukichambua ndengu. Mume wangu ni mzaliwa wa Busia. Alihamia Marekani kabla yangu, akachukua uraia wa huko, na ndiko tulikokutana na kuoana. Yeye na baba hawana lugha nyingine ya pamoja ila Kiswahili, ndiyo maana kila akipiga simu naweka sauti kubwa ili baba amsalimie.

"Baba, jicho linaendeleaje?"

"Linaona mwangaza. Nyinyi mko salama huko?"

"Tuko salama." Kisha akaniambia mimi, "Nimeenda kwa yule mama anayetujazia fomu za ushuru leo. Anataka kujua nani alilipa karo yako ya mwaka jana, alilipa lini, na wakati huo ulikuwa nani."

"Nilikuwa nani vipi?"

"Mgeni ama mkaazi. Anasema hiyo ndiyo kila kitu."

Niliingia Marekani kwa viza ya mwanafunzi, na kwa viza hiyo nilihesabiwa mgeni wa kupita hata kama nililala kitanda kimoja mwaka baada ya mwaka. Halafu katikati ya mwaka jana, kwa sababu ya ndoa, nikapewa kadi ya ukaazi wa kudumu. Nilipoipokea kwenye bahasha nilikuwa nimetoka darasani, nina mkoba uleule mgongoni, na jioni nikarudi kusoma kitabu kilekile. Sikuwa nimefikiria kwamba kuna mtu siku moja angetaka niukate mwaka huo vipande viwili na kumweleza karo ilianguka upande gani.

Baba alisubiri simu ikatike.

"Serikali ya huko inataka nini, Mwaitu?"

Baba huniita Mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Mimi humwita Nau, baba yangu, na akiniita hivyo huwa naona haya kumjibu ovyo.

"Kuna sheria huko, Nau. Mtu akilipa karo ya chuo anaweza kupunguziwa ushuru. Wakati mwingine anarudishiwa kitu."

"Wanarudisha karo?"

"Si karo yote. Ni kitu kidogo. Na sijui kama mimi ni mmoja wao, kwa sababu ya ile kadi."

Aligeuza uso ili anitazame kwa jicho zima. "Ile karo ya Januari ni mafahali wangu wawili wa kulimia. Hiyo naijua. Na ile ya kwanza je? Ile ya harambee?"

"Sijui, Nau."

Neno hilo nililisema mara nyingi sana mwezi ule.

Harambee hiyo ilifanywa kwenye uwanja wa kanisa letu nilipopata barua ya kukubaliwa chuoni. Akina mama wa mwethya, kile kikundi cha kusaidiana kazi za shamba, walileta pesa zao na kuku. Wengine walileta mahindi na ndengu, vikauzwa palepale kwa mnada. Mzee mmoja jirani yetu alileta fahali mzima. Vyote hivyo vikawa karo ya mwaka wangu wa kwanza. Mwaka wa pili chuo kilinifadhili kwa sehemu, nyingine nikaifanyia vibarua vya kuosha vyombo jikoni mwa wanafunzi. Mwaka wa mwisho ufadhili ulipopungua, baba ndiye aliyeuza mafahali, na muhula wa mwisho kabisa akaongeza mume wangu.

Asubuhi baada ya simu ile ya mume wangu, nikiwa bado nafua, alipanda bodaboda akaenda sokoni bila kuniambia. Alirudi amefurahi. Alikuwa amemtembelea mweka hazina wa ile harambee, mama mwenye kibanda cha nafaka, amuulize kama anakumbuka pesa zilitumwa mwezi gani. Aliona anatusaidia kazi.

"Anakumbuka vizuri," akasema. "Ilikuwa Agosti. Nimemwambia Amerika inataka kujua ili irudishe."

"Nau, umemwambia irudishe nini?"

"Karo. Si ndivyo ulisema?"

Nilianza kumweleza upya, lakini kila sentensi niliyoanza iliishia kwenye jambo ambalo mimi mwenyewe sikulielewa. Nikarudi kufua. Nilijiambia mama wa nafaka ni mtu mzima, hatasema.

Jumapili baada ya misa niliona watu wakinisalimia kwa mikono miwili. Mwanamke mmoja ambaye simkumbuki alinishika bega akasema Mungu ni mwaminifu. Sikujua ni kuhusu jicho la baba au nini. Nilipofika nyumbani nilikuta yule mzee jirani aliyetoa fahali ameketi chini ya ukuta wa jikoni penye kivuli, fimbo katikati ya magoti.

Nilimpa chai. Aliuliza habari za jicho, akauliza kama mvua huko Marekani hunyesha kwa majira kama yetu, akauliza kama mume wangu hula ugali. Alipomaliza kikombe alikiweka chini polepole.

"Nasikia karo inarudi," akasema.

"Mzee, bado hatujui. Ni mambo ya ushuru. Pengine hakuna kitu."

"Sawa. Mimi siulizi pesa." Alitazama zizi letu lililokuwa tupu. "Nilitaka tu kusema ile ndume yangu ilikuwa kubwa. Kuna mtu aliinunua kwa mnada kwa bei ya ndama, kwa sababu ilikuwa harambee na hakuna aliyekuwa anabishana. Sasa wakihesabu huko, wasihesabu ile bei ya mnada. Wahesabu ndume."

Nilimwambia nitakumbuka. Nilipomtazama nikaona hakuwa na hila hata kidogo. Alidhani kuna mtu mahali fulani anayeandika upya jinsi nilivyosomeshwa, na alitaka aandike vizuri.

Wiki hiyo walikuja wengine. Hawakuja kudai. Walikuja kukumbusha. Mmoja alileta maziwa, mwingine alipita tu kumwangalia baba, na kila mmoja kabla ya kuondoka alitaja alichotoa siku ile kanisani, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. Baba aliwapokea wote. Nilipomwambia tuwaambie ukweli alisema, "Ukweli ni upi? Niambie nikawaambie."

Siku ya kumrudisha baba kliniki Machakos nilimwacha kwenye benchi akingoja daktari, nikatoka kutafuta mtu wa kunielewesha. Nilipata mhasibu ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa. Alikuwa kijana nadhifu, mchangamfu, na alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hapa kwetu hakuna hiyo," akasema. "Ulipe karo ama usilipe, ushuru ni uleule. Lakini wewe, hapa, unajaza fomu kama mkaazi ama kama asiye mkaazi?"

"Mimi ni Mkenya."

"Hiyo ni uraia. Mimi nauliza ukaazi wa ushuru. Uko na nyumba ya kudumu hapa?"

"Kuna kwa baba."

"Kwa baba si kwako. Na siku unazokaa hapa kwa mwaka ni ngapi?"

Nikamwambia ni chache. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Basi kwa ushuru wewe si mkaazi wa Kenya. Angalau sidhani. Ungekuwa na nyumba yako ingekuwa mambo mengine."

Nilishuka ngazi nikiwa mgeni mahali pawili. Nilikuwa nimepanda kutafuta kama nilikuwa mkaazi wa Marekani mwaka jana, nikashuka nimeambiwa hata hapa pengine si mkaazi. Nilisimama kando ya barabara kwa muda, watu wakinipita na mifuko yao, nikijaribu kukumbuka nilikuja mjini kufanya nini. Kisha nikakumbuka baba na matone yake ya jicho.

Alikuwa ameshatoka. Bandeji ilikuwa imeondolewa, na alikuwa anasoma mabango ya maduka kwa sauti, moja baada ya jingine, kama mtoto aliyejua herufi juzi. Nilimshika mkono tukaenda kula. Nilimweleza alichosema mhasibu, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa uangalifu, asiguse jicho.

"Kwa hivyo uko wapi, Mwaitu?"

"Hata mimi nauliza."

Mwishowe mume wangu alipanga tuzungumze na yule mama wa ushuru mwenyewe, jioni kwetu, asubuhi kwao. Ni mama wa makamo mwenye sauti ya polepole, na kazi yake ni kujazia watu fomu, wengi wao wageni kama sisi. Aliongea Kiingereza, mimi nikawa namtafsiria baba, ambaye alikuwa amevaa koti kwa heshima ya simu hiyo.

Alianza kwa kusema kwamba mwaka jana, kwa macho ya sheria, nilikuwa watu wawili. Mpaka siku ya kadi nilikuwa mgeni, kutoka hapo nikawa mkaazi. Na mtu ambaye alikuwa mgeni hata kwa sehemu ya mwaka haruhusiwi kudai nafuu ya karo. Nikamtafsiria baba. Baba akaitikia kwa kichwa kana kwamba amesikia hukumu.

"Lakini," yule mama akasema, "mume wako ni raia. Mkitaka, mnaweza kuchagua pamoja kwamba wewe uhesabiwe mkaazi kwa mwaka mzima, kuanzia Januari. Mkichagua hivyo, mnajaza fomu moja, nyinyi wawili."

"Nachagua? Mambo yaliyokwisha kupita?"

"Ndiyo. Unachagua sasa, kwa mwaka uliopita."

Niliitafsiri sentensi hiyo mara mbili kwa sababu sikuamini nimeisikia sawasawa. Baba aliikubali haraka kuliko mimi.

"Na akichagua hivyo," mama wa ushuru akaendelea, "lazima aandike mapato yake yote ya mwaka mzima, hata ya nje. Kama ana shamba la kukodisha huko Kenya, aliandike."

Nilipotafsiri hapo baba alinyoosha mgongo. "Mwambie shamba ni langu."

"Nau, hataki shamba."

"Mwambie tu."

Nikamwambia. Yule mama alicheka, akasema shamba la baba ni la baba. Kisha nikauliza lile lililokuwa linanisumbua zaidi: karo ya Januari haikutoka mfukoni mwangu, aliilipa baba, ambaye hajawahi kukanyaga Marekani. Akasema hilo si tatizo. Mzazi, jamaa, au hata rafiki akikulipia karo, sheria inaichukulia kama umeilipa wewe mwenyewe. Muhimu ni kwamba ililipwa mwaka jana, na ilikuwa imelipwa Januari yenyewe.

Nikaona njia. "Na karo ya mwaka wa kwanza? Kuna watu wengi walichanga."

"Mwaka huo hukuwa na mume, na ulikuwa mgeni mwaka mzima. Huo hauwezi kuingia. Hata kama wangekuwa wamechanga watu elfu, hauingii."

Sikumtafsiria baba mara moja. Aliniangalia kwa macho yote mawili, sasa mazima.

"Amesemaje?"

"Amesema mafahali wako wanahesabiwa. Harambee haihesabiwi."

Baba alivua koti, akalikunja, akaliweka mapajani. "Hiyo utawaambia wewe," akasema. "Mimi siwezi."

Tulipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, Jumapili iliyofuata, tukawaomba waliochanga wapite baada ya misa. Hawakuwa wengi: akina mama kadhaa wa mwethya, mweka hazina, yule mzee. Walikula kwanza. Nilikuwa nimejipangia maneno tangu asubuhi, lakini niliposimama yalichanganyika. Nikaanza na kadi, nikarudi kwenye viza, nikaeleza jinsi mtu anavyochagua kuwa mkaazi wa mwaka uliopita, na nikaona nyuso zikifungika moja moja. Nikaacha. Nikasema tu kwamba karo ya harambee haitarudi hata kidogo, kwa sababu mwaka huo sheria ya huko ilinihesabu mgeni. Na kile kitakachopatikana kinatokana na karo aliyolipa baba na ile aliyolipa mume wangu muhula wa mwisho.

Mweka hazina ndiye aliyeuliza.

"Kwa hivyo sisi hatukulipa?"

"Mlilipa, mama. Bila nyinyi singeenda."

"Najua tulilipa. Nauliza huko. Huko wanasema nani alilipa ule mwaka?"

"Huko hawaulizi kuhusu ule mwaka."

"Hawaulizi kabisa?"

"Hawaulizi."

Alifikiria jambo hilo. Nilitegemea hasira, na nadhani ingekuwa rahisi kwangu kama angekasirika. Lakini uso wake ulionyesha mtu aliyeduwaa tu, kama mimi siku ile mjini. "Na baba yako alilipa peke yake, wanamhesabu," akasema. "Sisi tulikuwa wengi, hatuhesabiwi. Haya. Hiyo ni hesabu ya huko."

Mzee wa fahali alitaka kujua kama kuna afisi anayoweza kuiandikia. Baba akamjibu kwa Kikamba, kwa upole, kwamba hakuna, na kwamba fahali yule kila mtu pale alimwona kwa macho yake. Mzee akasema ni kweli, walimwona. Mmoja wa akina mama akaanza kuzungumzia panya waliovamia ghala lake, na mazungumzo yakaondoka kwetu. Nilikusanya sahani. Hakuna aliyekuwa amenikosea, wala niliyemkosea.

Nilirudi Marekani kabla ya Pasaka. Tulikaa na mume wangu kwenye meza ya yule mama tukatia sahihi wote wawili tamko kwamba nimechagua kuwa mkaazi tangu siku ya kwanza ya mwaka. Nilisita na kalamu mkononi. Januari ile, kabla ya ndoa, nilikuwa kwenye chumba cha kupanga na mwenzangu wa darasani, nikipiga simu Masii kumuuliza baba kama benki imetuma. Hakukuwa na ukaazi wowote katika siku zile. Mume wangu akaniuliza kama kuna shida. Nikasema hakuna, nikaandika jina.

Majibu yalichukua muda, na kilichorudishwa kilikuwa kidogo kuliko tulivyowaza, kwa sababu sehemu ya muhula wa mwisho ililipwa na ufadhili, na karo ya ufadhili haidaiwi nafuu. Hatukuelewana mara moja tukifanyie nini. Mume wangu alisema ni chetu, maana fomu ni ya wote wawili na ushuru uliopunguzwa ni wa mshahara wake. Mimi nilisema ni cha baba, maana mafahali ni wake. Tulikuwa tunasema kweli sote, na ndiyo sababu tulibishana siku kadhaa. Hatimaye tulituma sehemu Masii. Baba aliipokea, akashukuru, akasema atalimiwa kwa trekta msimu huo.

Nilimwomba amuulize mzee jirani kama kuna kitu angependa kutoka kwangu. Nilidhani ataomba ndama. Alijibu kwamba binti yake aliyeolewa Masinga ana kidonda mguuni kisichopona, na kama mimi ni muuguzi kweli, nimwangalie. Binti alinitumia picha. Niliiona tu nikashuku ugonjwa wa sukari, nikamwambia aende hospitali siku hiyohiyo, na nikampigia kila wiki mpaka kikafunga.

Majuzi mweka hazina amenipigia. Mjukuu wake amepata nafasi chuo cha Kanada, na wanapanga harambee mwezi ujao. Baada ya salamu akaniuliza kama huko Kanada mtoto akiingia kwa viza ya mwanafunzi halafu abadilishe karatasi, watu waliochanga watahesabiwa au ni kama kwangu.

Nilimwambia Kanada ina sheria zake na sizijui.

"Unaweza kumuuliza yule mama wako?"

"Yeye anajua za Marekani tu."

"Sawa," akasema, na nikasikia anahesabia mteja vikombe vya maharagwe. "Basi tutachanga tu. Wewe nikuandikie ngapi?"